Mke wa Mzee Sosthenes

Wodi nzima ya wanaume ilikuwa inajua kwamba nesi Frida ana mume, na huyo mume yuko kitanda cha dirishani, hana meno mawili ya mbele, na ametolewa tezi dume juzi tu.

"Mke wangu huyo kaja!" Mzee Sosthenes alikuwa akimwona tu mlangoni na toroli la dawa anapaza sauti. "Haya nyie wengine, geukieni ukutani. Huyu siyo wa kutazamwa bure."

"Mke wako nani, we kibogoyo?" Frida anamjibu hukohuko mlangoni. "Mimi nilishakuacha, natafuta kijana."

"Kijana gani atakuweza na mdomo huo? Mimi mwenyewe nakuvumilia kwa sababu nilimzaa mama yako."

Basi hapo wodi inaangua kicheko, hata wale wenye nyuzi tumboni, wanacheka huku wamekumbatia mito ili wasichanike.

Asiyejua angesema huyu nesi hana adabu. Lakini mtu wa Iringa hashangai. Babu na mjukuu wake wa kike ni watani, na utani wao hauna mpaka. Frida alianza kuitwa mke kabla hajajua kutembea. Kule Kihesa kwa mama yake, Veneranda, mzee alikuwa akija kuwasalimia anauliza kwanza, "Mke wangu kapika nini leo?" na katoto kanamletea udongo kwenye kifuniko cha chai, na yeye anajifanya anakula, anasifia chumvi. Frida akakua, akaenda chuo cha uuguzi, akapangiwa kazi Mbeya. Utani haukupungua hata punje.

Ndiyo maana mzee alipozibwa mkojo, familia haikuumiza kichwa. Mwenye kauli hapo nyumbani ni Veneranda, lakini binti hawezi kumwona baba yake alivyozaliwa, huo ni mwiko. Mjomba Samwel, mtoto wa kiume, yeye ndiyo usiseme. Habari za Nuhu na mwanawe Hamu, aliyemwona baba yake uchi, alizisikia kanisani Igowole tangu mafundisho ya kipaimara, na zilimwingia. Uchi wa baba hautazamwi. Kwa hiyo walipoambiwa Mbeya kuna daktari bingwa wa mambo hayo, wote wakasema kwa mdomo mmoja, apelekwe Mbeya, si ndiko mke wake aliko? Wakacheka. Kila mtu akashusha pumzi.

Sista Lea, mkuu wa wodi, hakupenda. Siku zote alikuwa anasema nesi hamhudumii ndugu yake, mkono unatetemeka. Lakini mzee alimkataa kaka Lugano, nesi mwenzake Frida, waziwazi. "Kijana, hiyo mikono nenda kalimie viazi. Mke wangu yupo."

"Haya, mchukue," Sista Lea akamwambia Frida. "Ila ukifika pale kitandani wewe ni nesi. Umenisikia?"

"Nimekusikia, sista," Frida akasema, na huku bado anacheka.

Sasa kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ni hii. Mgonjwa akishatolewa tezi dume anabaki na kidonda ndani, mahali ambapo huwezi kupaka dawa wala kufunga bandeji. Anawekewa mpira wa kupitisha mkojo, na kwa kuanzia maji ya chumvi yanaingizwa yakaoshe kibofu, yanatoka mekundu, yanatoka ya pinki, mpaka yanaanza kung'aa. Yakishang'aa, dripu ya kuosha inatolewa, na hapo kuosha anaachiwa mgonjwa mwenyewe. Anywe maji. Hakuna dawa nyingine. Maji ndiyo yanasukuma damu itoke ikiwa nyepesi. Yasipokuwepo, damu inaganda, donge linakaa kwenye tundu la mpira, na kibofu kinaendelea kujaa bila mlango.

Kwa hiyo kila akipita Frida anauliza.

"Umekunywa maji, mume wangu?"

"Nimekunywa mpaka nasikia vyura tumboni. Ingekuwa ulanzi ningekuwa naimba."

"Na mkojo?"

"Kama Ruaha ya masika! Mhudumu kaumwaga sasa hivi, kaondoka anashika kiuno."

Jagi juu ya kabati kweli tupu. Frida anacheka, anajaza jagi lingine, anaandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri, anasukuma toroli kwa mgonjwa wa pili.

Tatizo la utani ni moja tu, na Frida na usomi wake wote hakuwahi kulifikiria. Kwenye utani hakuna mwongo. Mtani akikuambia kala ng'ombe mzima, humwulizi mifupa kaitupa wapi. Unacheka, unamwongezea na wa kwako. Ndiyo raha yake. Lakini nesi kazi yake ni kuulizia mifupa.

Siku ya tatizo ilikuwa mchana, saa ya kuona wagonjwa. Julai ya Mbeya mnaijua, upepo unashuka kutoka mlima Loleza unapita chini ya mlango kama una funguo. Veneranda na Samwel walikuwa wamefika kutoka Iringa, wana viazi na kuku kwenye hotipoti, wamekaa upande mmoja wa kitanda na makoti yao. Mzee alikuwa ameketi wima, mgongo haugusi mto, mikono yote miwili chini ya blanketi.

"Baba umenenepa," Veneranda akasema.

"Mapenzi hayo. Muulize mwanao."

Frida akafika na kipimo cha presha, akamwona ana jasho juu ya mdomo. Yeye mwenyewe ndani ya sweta vidole vimekufa ganzi.

"We mzee, jasho na baridi yote hii? Umemwona mrembo gani?"

"Nimekuona wewe. Moyo unachemka kama jiko la mkaa."

Veneranda alicheka mpaka akajifuta macho na ncha ya kitenge. Samwel akatikisa kichwa, "Hawa watu hawa." Na Frida, nesi mwenye cheti, akacheka naye, akaambiwa na mzee acha presha utapima baadaye ongea na mama yako kwanza, akaiacha, akageuka.

"Binti. Njoo hapa."

Alikuwa Mzee Shamsudin wa kitanda cha jirani, mwuza vitenge wa Sokomatola, naye ametolewa tezi dume wiki hiyohiyo. Siku zote alikuwa wa kwanza kucheka. Siku hiyo hakuwa anacheka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sogea." Akashusha sauti. "Mimi si mchongezi. Lakini lile jagi la babu yako ninayelinywa ni mimi."

"Jagi gani?"

"Kila ukiliweka. Ananiambia, Shamsu nisaidie, mke wangu atanigombeza. Nikadhani ni mzaha wenu, maana ninyi kwenu kila kitu mzaha. Nami nikanywa, maji hayana uchoyo. Lakini tangu alfajiri simsikii akigeuka. Ameketi kama mtu aliyekalia kaa la moto. Nenda kamtazame. Na ukienda, mwanangu, usicheke."

Frida alisikia baridi nyingine kabisa, ya ndani. Akawaomba mama yake na mjomba wake watoke kidogo. Akavuta pazia kuzunguka kitanda. Akainama, akaangalia mfuko wa mkojo uliokuwa unaning'inia pembeni, umefunikwa vizuri na ncha ya blanketi, siku zote umefunikwa vizuri. Ulikuwa mkavu. Chini kabisa kulikuwa na kitu kidogo kizito, rangi ya juisi ya choya iliyokolea. Akapitisha mkono juu ya blanketi, chini ya kitovu cha mzee. Palikuwa pagumu, pamevimba kama kibuyu.

"Mkojo haujatoka tangu lini?"

"Mke wangu, mambo ya ndani tutaongelea nyumbani."

"Tangu lini, babu?"

"Mwone anavyokunja uso! Ukiolewa na kijana utazeeka haraka..." Maneno yakaishia njiani, akauma mdomo, jasho likamshuka mpaka kidevuni. Lakini akajaribu kutabasamu. Yaani anakufa na bado anamtafutia mjukuu wake kicheko.

Frida akarudi nyuma hatua moja. Akakunja magoti kidogo, kama wasichana wa kwao wanavyofundishwa kuwafanyia watu wazima wote, na kama yeye alivyokuwa hajamfanyia mzee huyu hata siku moja.

"Shikamoo, babu."

Nyuma ya pazia kikohozi cha mtu kilisikika, kikakatika. Mzee akamtazama. Huwezi kumjibu mtu shikamoo kwa utani, haijibiki hivyo.

"Marahaba," akasema hatimaye, na sauti iliyotoka haikuwa ya mume wa mtu. Ilikuwa ya mzee, tena mzee mwenye hofu. "Jana ulikuwa unatoka matone. Leo hautoki."

"Na maji?"

"Sijanywa."

"Asante. Sasa naomba nifunue, nisafishe mpira."

Mkono wa mzee ukakamata blanketi. "Hapana."

"Babu..."

"Hapana, Frida." Hajawahi kumwita jina lake. "Mke ningemwachia. Wewe ni mtoto wa Veneranda. Nitakufunuliaje?"

Sasa ona mtego huo. Kaka Lugano alikuwa kwenye chumba cha upasuaji amepeleka mgonjwa, Sista Lea yuko ofisi za mbele, na hata angepatikana nani, mzee alishaapa hataki mwingine. Frida angeweza kurudi kwenye utani. Neno moja tu, mume wangu, na blanketi lingefunguka, alilisikia kabisa limekaa kwenye ncha ya ulimi. Lakini kuosha kibofu kilichoziba siyo kufua soksi. Unasukuma maji kwa bomba la sindano, unavuta, na mgonjwa ndiye anakuambia imeuma wapi na kiasi gani. Ukisukuma na hayarudi, na yeye anakujibu Ruaha ya masika, unaweza kukipasua. Alikuwa anahitaji mkono wa mke na ukweli wa mgeni, vyote kwa mtu mmoja, kwa wakati mmoja.

"Kwa nini hukunywa maji, babu?"

Mzee akasema akiangalia dari, "Mimi nimefanya kazi Mgololo, kwenye kiwanda cha karatasi, mpaka nimestaafu. Karatasi inaanza rojo, maji matupu. Haishiki mpaka ukamue maji yote. Ikibaki na maji hata kidogo, inachanika mikononi. Na mimi nimechanwa humu ndani. Naona kila nikinywa inatoka nyekundu. Nikasema nikauke. Nikikauka nitashika."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia vipi? Wewe ukija tunacheka."

Hilo lilimwingia Frida mahali ambapo hakuwa na ngozi.

"Lile rojo, babu. Kabla halijawa karatasi. Kwenye mabomba mlikuwa mnalipitisha na nini?"

"Na maji."

"Yakipungua?"

Mzee akafumba macho.

"Linaziba. Linajaa huku nyuma. Tunazima mtambo mzima, tunaenda kuzibua kwa mkono."

"Basi mtambo umezima, babu yangu. Kidonda siyo karatasi, mimi ndiyo nimesomea hicho. Mimi ni mtoto wa Veneranda kweli, na ada yangu kalipa Veneranda kwa kuuza vitumbua. Naomba uniruhusu hivyohivyo, mjukuu wako. Na kila nitakachouliza, unijibu kweli."

Mkono mmoja ukaachia blanketi. Mwingine mzee akajifunika nao macho.

"Haya, mama," akasema.

Frida akanawa, akavaa glovu, akavuta maji ya chumvi kwenye bomba kubwa la sindano. Akasukuma taratibu. Akavuta. Hakuna.

"Inauma?"

"Inauma."

"Wapi?"

"Chini. Kama kisu kinazungushwa."

Akasubiri. Akamlaza ubavu kidogo, akajaribu tena, kidogokidogo, anamuuliza, anajibiwa. "Imeongezeka?" "Imeongezeka." "Niache?" "Pumzika kidogo. Haya, endelea." Mikono ilikuwa inataka kutetemeka kama Sista Lea alivyosema, akaikatalia. Mara ya tatu au ya nne kitu kikavutika kizito, kikaingia kwenye bomba, donge jeusi kama kipande cha ini. Likafuata lingine. Halafu maji yakaja yenyewe, mekundu, mengi, yakashuka kwenye mfuko kwa kelele, na tumbo la mzee likaanza kulegea chini ya kiganja chake. Mzee akatoa pumzi ndefu kama mtu aliyetua gunia la mahindi. Machozi yalikuwa yanamtoka pembeni mwa mkono aliojifunika. Frida aliyaona, na yeye ya kwake hakuwa na mkono wa kuyafutia.

Sista Lea alipofika na daktari, dripu ya kuosha ikarudishwa. Daktari akasema saa chache zaidi na ingekuwa habari nyingine. Sista Lea hakumgombeza mtu. Alimsubiri Frida kwenye sinki.

"Ulikuwa unamwuliza," akasema, "au ulikuwa unamtania?"

"Nilikuwa namtania, sista."

"Mm," akasema Sista Lea, akampa taulo.

Kuanzia hapo kila asubuhi ilikuwa ni shikamoo babu, marahaba. Umekunywa? Nusu jagi, linalobaki nitamaliza mchana. Mkojo? Mwekundu kidogo. Maumivu? Yapo. Wodi ikapoa kama kanisa siku ya Jumatatu. Vijana wa vitanda vya nyuma waliuliza, "Sista, vipi, mmeachana?" na Mzee Shamsudin akawaambia wafunge vinywa vyao. Rangi ya mkojo ilirudi kung'aa, presha ikatulia, Frida anaandika na safari hii ni kweli. Na bado siku moja alikutwa kwenye chumba cha mashuka amekaa juu ya marundo, analia kama mjane. Kila mtu alimwambia mzee wako amepona, unalia nini.

Siku ya ruhusa ikaja. Daktari alisema mzee aende nyumbani na mpira wake mpaka tarehe ya kliniki, na majibu ya kinyama kilichopelekwa maabara yalikuwa bado. Mpira unataka kusafishwa, mfuko unataka kumwagwa, rangi inataka kuangaliwa kila siku. Kule Kihesa kwa Veneranda nani ataangalia? Veneranda na Samwel walikuwa wameshapanga.

"Frida ataomba likizo," Veneranda akasema.

"Ndiyo kazi ya mke hiyo," Samwel akaongeza, akacheka. Alicheka peke yake.

"Likizo sina, mama. Na kliniki ikisogezwa mbele? Na akihitaji mpira tena?"

"Sasa mwanangu unataka nani afanye?"

Mzee alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na koti lake la safari, kofia kichwani, anaangalia viatu. Kila mmoja alisubiri aseme kitu cha kuchekesha, awaokoe.

"Samweli," akasema.

"Naam, baba."

"Kanawe mikono."

Samwel akaangalia nyuma kama kuna Samwel mwingine. "Mimi, baba? Baba, si unajua... Hamu alilaaniwa."

"Hamu aliona, akatoka nje kwenda kuwasimulia wenzake. Wewe utatoka nje?"

"Hapana, baba."

"Kanawe."

Veneranda akachukua hotipoti lake akatoka bila kuambiwa. Frida akavuta pazia. Mjomba wake akarudi, mikono inachuruzika, ameinua juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, na Frida akamvalisha glovu kwa sababu mwenyewe zilimshinda. Mzee alishajilaza na kujifunua. Kofia hakuivua.

"Unashika hapa, mjomba. Unasafisha kutoka mwilini kwenda nje, usirudishe. Mfuko ukae chini ya kiuno siku zote, hata akitembea. Ukiona mkojo mwekundu mzito, au hautoki, usisubiri kesho, mpeleke hospitali."

"Kutoka mwilini kwenda nje," Samwel akarudia. "Chini ya kiuno." Alikuwa anarudia vizuri kabisa, uso wake uko dirishani, macho huko juu Loleza, mkono unapapasa hewani.

"Samweli," mzee akasema. "Angalia."

"Baba, nimeelewa."

"Hujaelewa, hujaangalia. Huyu mtoto hapa alikuwa haangalii, nikamsaidia asiangalie, karibu mnizike. Geuza uso."

Samwel akageuza uso. Ilimchukua muda, kama shingo ina kutu. Akatazama. Akachukua pamba, akaanza, polepole, kutoka mwilini kwenda nje.

"Hivi?"

"Hivyohivyo," Frida akasema. "Na umwulize yeye kama inauma."

"Baba, inauma?"

Mzee Sosthenes alifikiri kwanza, kama mtu anayepima kitu kizito mkononi kabla hajataja uzito wake.

"Inauma kidogo," akasema. "Endelea."